Kompyuta ya Maalim Tajudin

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa duka, Bi Taqwa alifukiza udi.

Duka lao lilikuwa Old Kampala, mteremko mmoja tu kutoka kwenye msikiti mkubwa wa kilimani. Waliuza kanzu, kofia, ndala, mabuibui na vitambaa vya gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda. Bi Taqwa aliliendesha pamoja na binti yake, Shamsia. Mama aliwajua wateja wote na ukoo wao. Binti alijua ni kitambaa gani kimebaki na ni kipi kimekwisha.

Kuhusu udi, Bi Taqwa hakuwa mtu wa kujadiliana. "Mteja akisikia harufu nzuri hana haraka ya kutoka," alisema. Lakini alikuwa mwangalifu. Chetezo chenye makaa ya moto hakukiweka karibu na nguo hata siku moja. Alikipeleka chumba cha nyuma, akakiweka juu ya kigoda, kando ya kompyuta.

"Lile sanduku ni la bati," alisema. "Bati haliungui."

Nani angembishia? Bati kweli haliungui.

Chumba hicho cha nyuma ndimo walimosali. Viatu vilibaki mlangoni. Sakafu ya saruji ilipigwa deki kila asubuhi mpaka ikang'aa. Kompyuta ilikaa mezani pembeni, skrini upande huu, sanduku upande ule. Ilikuwa kompyuta ya zamani, nzito, ambayo weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa ya marehemu, Maalim Tajudin, mume wa Bi Taqwa na baba yake Shamsia.

Maalim aliwafundisha akina mama dini katika chumba hicho kila Jumamosi. Kila darasa alilirekodi kwenye kompyuta. Alipofariki, mwili ulikwenda kaburini lakini sauti ilibaki mezani. Akina mama waliendelea kuja. Shamsia aliwasha kompyuta, Maalim akafundisha, akaomba dua, na dua ilipoisha Shamsia alizima ili watu wanywe chai.

Na kulikuwa na kitambaa. Katika miezi ya eda, mjane anapokaa ndani, Bi Taqwa alifuma kitambaa cheupe chenye maua ya kijani. Alikifuma huku akilia na huku akimsomea mumewe. Eda ilipokwisha, alikitandika juu ya sanduku la kompyuta. Kiliteremka mbele na nyuma mpaka mezani. Hakikuondolewa, kompyuta ikiwa imezimwa wala ikiwa imewashwa. Kingeondolewaje? Kilikuwa kama heshima ya marehemu.

Ijumaa moja Shamsia aliingia chumba cha nyuma mapema. Jumapili hiyo ilikuwa siku ya hitima ya kutimiza mwaka tangu Maalim afariki. Ndugu, majirani na wanafunzi wa zamani wangekuja kusoma. Baada ya kisomo wangesikiliza darasa la mwisho la Maalim, lile alilolitoa siku chache kabla ya kufariki. Shamsia alitaka kuhakikisha kwamba liko sawa.

Aliwasha. Sauti ya baba yake ilijaa chumba. "Ndugu zangu, leo tutazungumza juu ya subi—"

Kimya. Skrini ikawa nyeusi.

Shamsia hakushtuka sana. Kwa majuma kadhaa kompyuta ilikuwa na tabia ya kujizima. Mama yake alikuwa amesema, "Imechoka, iache ipumzike." Ikipumzika, ilikubali tena. Kwa hiyo akasubiri, akawasha. Safari hii haikufika hata kwenye sauti. Ilizimika upesi zaidi.

Hapo akakimbilia mlango wa mbele.

"Rafiq!" aliita.

Rafiq, kaka yake, alikuwa ameleta mzigo wa vitambaa kwa pikipiki yake. Aliuza vipuri vya pikipiki, na aliamini kwamba kila kitu duniani kina injini. Akavua viatu, akaingia na kujishika kiuno.

"Hii? Hii inataka kuamshwa tu," akasema. Akabonyeza kitufe. Taa ikawaka. Kabla Shamsia hajafungua mdomo, Rafiq akalipiga sanduku kofi la nguvu ubavuni. Paa!

"Rafiq!"

"Tulia. Pikipiki ya mwaka huo huo naipiga hivi hivi."

Kompyuta ikazimika. Rafiq akaiwasha tena. Sasa picha haikuja kabisa. Badala yake sanduku likaanza kulia. Piiii. Piiii. Piiii. Likanyamaza kidogo, kisha likaanza upya. Shamsia hakuwa amewahi kuisikia kompyuta hiyo ikilia.

"Ngoja nichomoe waya za nyuma," Rafiq akasema. Alisimama peku kwenye sakafu ambayo ilikuwa bado na unyevu wa deki. Akapitisha mkono nyuma ya sanduku.

"Maama!"

Aliruka nyuma, akagonga kabati. Kofia za watoto zikamwagika kutoka juu, zikamdondokea kichwani. Wakati mwingine wangecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Imeniuma!" Rafiq alisema, akijikamata kiganja. "Banange, hii kitu imeniuma! Ina shetani!"

Bi Taqwa alikuwa amekuja mbio kutoka mbele. Alianza kusoma chini chini. Kisha akanyamaza, akatazama vidole vyake mwenyewe.

"Hata mimi hunishika," akasema polepole. "Nikiitandikia kitambaa chake, vidole vinafanya ganzi. Nilidhani ni mimi tu. Nilidhani ni huzuni."

Shamsia akamtazama mama yake. Hata yeye kompyuta ilikuwa imemtekenya mara nyingi, na hakumwambia mtu. Watu watatu wa familia moja, wote wameumwa na sanduku moja, na mama na binti kila mmoja alikuwa amekaa na lake moyoni!

"Itupwe," Rafiq akasema. "Nitawaletea nyingine, mpya, nyembamba kama kitabu."

"Na sauti ya Baba?" Shamsia akauliza. "Sauti itakwenda wapi?"

Rafiq akaitazama skrini, akalitazama sanduku. Ni wazi kwamba hakujua sauti inakaa wapi. Shamsia naye hakujua. Alijua jambo moja tu, na lilimkata maini: sauti hiyo haikuwa mahali pengine popote. Kwa mwaka mzima walikuwa wameisikiliza, na hakuna aliyefikiria kutoa nakala.

Bi Taqwa akakaa chini kwenye mkeka. "Shamsia mwanangu," akasema, "ina maana amekufa tena?"

Shamsia alichukua simu akampigia Moreen.

Moreen Aoko alitoka Kisumu. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta mtaani Kamwokya, katikati ya kelele za muziki na wauza ndizi. Alijuana na Shamsia kwa sababu kwaya ya kanisa lake ilinunua vitambaa dukani kwao. Sauti yake ilikuwa kubwa na maneno yake mengi. Lakini kwenye simu siku hiyo alisema machache. "Usiiwashe tena. Zima ukutani. Mtu asiiguse. Nakuja."

Alifika baada ya sala ya Ijumaa, na begi begani. Alivua viatu mlangoni, akaitazama sakafu, akasita.

"Mama, naheshimu mahali pa sala," akamwambia Bi Taqwa. "Lakini kwa kazi ya umeme siwezi kukanyaga saruji peku. Una ndala mpya za raba, ambazo hazijatoka nje?"

Bi Taqwa alimletea ndala kutoka dukani, bado zina gundi ya lebo. Alipenda kwamba ameulizwa. Moreen akazivaa, akaketi, na akafanya jambo lililomshangaza Rafiq. Hakuigusa kompyuta. Aliuliza maswali.

"Kabla haijafa, ilikuwa inafanya nini?"

"Inajizima," Shamsia akasema. "Ikipumzika, inarudi."

"Ikipumzika inarudi. Hiyo ni joto. Halafu?"

"Halafu... imelia."

"Ililia yenyewe tu?"

Shamsia alimtazama kaka yake. Rafiq alitazama dari.

"Niliigonga kidogo," akasema.

"Ikiwa inawaka?"

"Ikiwa inawaka."

"Woi!" Moreen alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ndugu yangu! Ndani yake kuna diski inazunguka kwa kasi kuliko gurudumu lolote unalolijua. Kuna kidude kinaelea juu ya hiyo diski, hakiigusi. Ukipiga, kinaweza kuigusa, na kikigusa kinaikwaruza. Na sauti ya Mzee iko kwenye hiyo diski."

Rafiq alikaa chini taratibu karibu na mama yake.

"Kwa hiyo nimemuua Baba," akasema.

"Sijasema hivyo. Nimesema tutafute. Lakini tunatafuta kwa utaratibu, tunatoka nje kuingia ndani. Jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu pamoja, hata ikipona hutajua dawa ni ipi."

Alianzia ukutani. Alichomeka chaja ya simu yake kwenye soketi, simu ikaanza kuchaji. "Soketi inatoa umeme." Aliunganisha skrini kwenye kompyuta yake ndogo ya begini, picha ikaja vizuri. "Skrini ni nzima. Ugonjwa uko kwenye sanduku." Kisha akaokota waya wa ekstensheni uliopita chini ya meza. Akaugeuza geuza, akaunusa, akauchomoa ukutani. Akatoa kisu na kuukata katikati.

"Dada!" Rafiq akashtuka.

"Njoo uone. Hesabu nyaya zilizo ndani."

Rafiq alisogea. "Mbili."

"Na plagi yake ina meno mangapi?"

"Matatu."

"Sasa jino la tatu limeungwa na nini?"

Rafiq aliangalia, akaangalia tena. Jino la tatu halikuungwa na kitu. Lilikuwa pambo tu.

"Huyo ndiye shetani wako," Moreen akasema. "Waya wa tatu ndio unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Hapa haupo. Kwa hiyo umeme umekaa kwenye bati unangoja mtu. Mnakuja peku, sakafu ina maji, mnagusa. Unapita mwilini mwenu kwenda chini. Leo umekutekenya. Siku kisanduku cha umeme kilicho ndani ya mashine kikiharibika vibaya, hautakutekenya. Utakuua."

"Lahaula!" Bi Taqwa akasema. Akaficha vidole vyake ndani ya mtandio.

Moreen akasimama mbele ya sanduku. "Hiki kitambaa nani amekitengeneza? Ni kizuri."

"Mimi," Bi Taqwa akasema. "Kwenye eda yangu."

Sauti ya Moreen ikashuka. "Basi kitoe wewe mwenyewe, Mama. Mimi sitakigusa."

Bi Taqwa alisimama, akakikunja kitambaa pole pole, akakipakata. Moreen alionyesha kwa kidole matundu madogo yaliyokuwa nyuma na ubavuni mwa sanduku. "Hii mashine inapumua. Inavuta hewa baridi hapa, inatoa ya moto pale. Kitambaa kimeiziba pua na mdomo."

"Nilikuwa naikinga na vumbi."

"Ikiwa imezimwa na imepoa, ifunike. Ukiiwasha, ifunue." Kisha Moreen akakiona kigoda, na juu yake chetezo, na ndani ya chetezo majivu ya asubuhi. "Na hiki?"

"Cha udi. Sikiweki dukani, kitaunguza nguo."

Moreen alitazama chetezo. Akatazama kitambaa mikononi mwa Bi Taqwa, pindo zake ndefu. Akarudi kwenye chetezo.

"Mama," akasema, "umeutoa moto kwenye nguo za duka, ukauleta chini ya hiki kitambaa?"

Shamsia akapiga hesabu kichwani. Tangu eda ilipokwisha! Kila Ijumaa na kila siku ya darasa makaa yamewaka kiganja kimoja kutoka kwenye uzi mkavu, na kina mama wamejaa chumbani, na watoto mgongoni. Bi Taqwa alikaa chini tena.

"Mungu ametustiri," akanong'ona.

Moreen aliendelea na kazi. Alihakikisha hakuna waya wowote uliochomekwa ukutani. Akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia. "Hapa naumaliza umeme uliojificha ndani," alisema. Akagusa bati tupu la sanduku ili kuutoa umeme wa mwilini mwake. Ndipo akafungua skrubu na kuuvuta ubavu wa sanduku.

Wote wanne wakainama mbele. Wote wanne wakarudi nyuma.

Ndani hakukuonekana kompyuta. Kulionekana zulia. Lilikuwa jeusi, nene, lenye kunata, kama masizi ya jiko la kuni yaliyochanganywa na pamba. Mende wawili waliokufa siku nyingi walikuwa wamelala chali juu yake. Feni ya katikati ilikuwa imekabwa na uchafu, haizunguki tena.

"Hii ilikuwa inafanya kazi?" Rafiq akauliza kwa mshangao. "Kwa hali hii?"

Moreen alichota kidogo kwa bisibisi, akanusa. Macho yakamtoka. Akampa Shamsia anuse.

Ilikuwa udi. Udi mtupu.

"Moshi wa udi una mafuta," Moreen akasema. "Feni inauvuta. Mafuta yanashika ndani, vumbi linakuja linagandia. Vumbi peke yake ningelipangusa dakika moja. Hili limepikwa. Chini ya hii feni kuna chipu ambayo ndiyo akili ya mashine, na inatoa joto sana. Haikupata hewa, ikawa inajizima ili isiungue. Haikuwa imechoka, Mama. Ilikuwa inajiokoa."

Bi Taqwa alifunika mdomo kwa kiganja. Shamsia aliona machozi yakimlenga mama yake, akamshika bega. Kwani alikuwa na kosa gani? Alitaka duka linukie, nguo zisiungue na kitu cha mumewe kisishikwe na vumbi. Mambo matatu mazuri, na yote matatu yalikuwa yamekutana kwenye sanduku moja yakaliziba.

Moreen alipiga picha kwa simu kila upande. "Ili nijue kila waya ulikuwa wapi." Kisha akachomoa nyaya mbili kutoka kwenye kisanduku bapa cha chuma, akakitoa, akakilaza juu ya kitambaa kikavu mbali na wote.

"Hiyo ndiyo diski," akasema. "Sauti yote iko humo. Naitoa ili majaribio yangu yasiiguse. Kwanza tutibu nyumba, halafu tumrudishe mwenye nyumba."

Rafiq alikodolea macho kile kichuma. Hakikuzidi ukubwa wa msahafu mdogo. "Nilikuwa nataka kutupa sanduku nibaki na skrini," akasema.

Walibeba sanduku hadi uani. Moreen alimpa Rafiq brashi laini ya kupakia rangi. "Unapangusa hivi, taratibu. Feni ishike kwa kidole isizunguke. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina maji. Usilete kitambaa kibichi. Na hili sanduku dogo la umeme usilifungue kamwe, hata kama halijachomekwa. Linahifadhi umeme ndani wa kukurusha tena kama asubuhi."

Rafiq alipangusa kwa adabu ambayo Shamsia hakuwahi kuiona. Moreen aliinua kipoza joto kutoka juu ya ile chipu. Dawa iliyokuwa katikati ilikuwa imekauka kama udongo. Akaifuta, akaweka tone jipya, jeupe kama dawa ya meno. Feni iliyokufa akaitoa, akafunga nyingine kutoka begini.

"Na kile kilio?" Shamsia akauliza. "Kwa nini ililia?"

"Kompyuta ikikosa njia ya kuonyesha picha, inalia. Kilio kirefu cha kurudia mara nyingi ni hii." Alichomoa kijibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. "Mafundi tunaiita ramu. Ndiyo meza ya kazi ya kompyuta. Lile kofi limeilegeza, na meno yake yana masizi. Una raba ya kufutia penseli?"

Shamsia alidhani anataniwa. Alileta raba. Moreen akayasugua meno ya ramu taratibu, pande zote mbili, masizi yakatoka, dhahabu ikang'aa. Akairudisha kwenye nafasi yake, akaibonyeza mpaka ikalia "tak" huku na "tak" huku. Kisha wakalirudisha sanduku mezani ndani, naye akaichomeka kompyuta kwenye ekstensheni yake mwenyewe, nene, yenye nyaya tatu.

"Shamsia, washa."

"Mimi?"

"Ni yako. Vaa ndala uiwashe."

Shamsia alibonyeza. Feni ikaunguruma. Piii, moja fupi tu. Skrini ikawaka, ikaandika maneno meupe kwamba haioni diski.

"Yarabi!" Bi Taqwa akasema.

Moreen alitabasamu mara ya kwanza. "Nyumba imepona. Sasa tumwite mwenyewe."

Alizima, akachomoa, akairudisha diski kwenye nyaya zake. Kama diski imekwaruzwa, basi. Hakuna raba ya kuisugua, hakuna brashi. Rafiq alisimama mlangoni amegeuka, hakuweza kutazama.

Kompyuta iliwashwa. Skrini ilikaa nyeusi. Ikakaa. Ikakaa. Shamsia alisikia mlio mwembamba ndani ya sanduku, krr, krr. Alimwona Moreen akikunja uso.

Kisha picha ya zamani ikaja, msikiti wa kilimani wakati wa mvua, picha ambayo baba yake aliiweka mwenyewe.

"Ndugu zangu," Maalim Tajudin akasema, "leo tutazungumza juu ya subira."

Rafiq alilia. Jitu zima la kubeba injini begani lilisimama mlangoni likalia kwa sauti, na mama yake akamwendea akamkumbatia.

Lakini Moreen alikuwa ameshainua mkono. "Simamisha! Msisikilize bado. Umesikia ile krr? Diski imepona leo, kesho sina ahadi nayo. Kwanza nakala."

Alinakili madarasa yote kwenye flashi ambayo ingekaa kabatini dukani. Akayanakili tena kwenye diski ya nje, akampa Rafiq akaiweke nyumbani kwake Bugolobi. "Nakala zisikae chumba kimoja. Moto ukija, au mwizi akija, anachukua zote. Na nakala ambayo hujaisikiliza usiihesabu kuwa ni nakala. Kila moja isikilizeni mpaka mwisho. Mwisho kabisa, si nusu."

Kabla ya kuondoka aliwaachia neno moja zaidi: wamwite fundi wa umeme aliyesomea akague soketi zote za duka. Fundi alikuja Jumamosi. Alikuta soketi mbili hazina waya wa ardhini, akazitengeneza. Shamsia alihamisha mkeka wa sala hadi upande mwingine wa chumba, mbali na umeme. Chini ya meza wakatandika kipande cha raba. Chetezo kilikuwa kimehamia Ijumaa ile ile kwenye kizingiti cha nje, penye saruji tupu na upepo. Ajabu ni kwamba harufu ya udi sasa iliwapokea wateja kutoka barabarani, na Bi Taqwa akasema kwamba ndivyo alivyotaka tangu zamani.

Kitambaa hakikutupwa. Kilikunjwa juu ya kiti. Kompyuta ikizimwa na kupoa, kinatandikwa. Ikiwashwa, kinaondolewa, na ni Bi Taqwa mwenyewe anayekiondoa.

Jumapili chumba cha nyuma kilijaa mpaka uani. Walisoma, wakaomba. Moreen naye alikuja, amejitanda kitambaa cha maua, akaketi karibu na mlango. Kisha Shamsia akawasha darasa la mwisho kutoka kwenye nakala mpya. Sauti ya Maalim ilikuwa safi, haikukatika hata mara moja. Alifundisha subira, akafika kwenye dua. Watu wakaitikia amin.

Dua ikaisha. Mkono wa Shamsia ukaenda kuzima, kama siku zote. Akakumbuka. Mwisho kabisa, si nusu. Akauondoa mkono.

Kwanza kulisikika kiti kikisogezwa. Kisha watu wakiagana kwa mbali. Kisha kikohozi, kile kikohozi cha Maalim ambacho kila mtu chumbani alikijua. Vikombe vya chai vilivyokuwa vimeanza kugawiwa vilisimama hewani. Hakuna aliyewahi kusikia sehemu hii. Maalim alikuwa amesahau kuzima.

"Mama Shamsia," sauti ikasema, ya chini, ya nyumbani, si ya darasani. "Mama Shamsia, mpenzi wangu, hicho chetezo chako kisogeze huko mlangoni. Hii mashine inakohoa kuliko mimi."

Mwanamke mmoja aliguta. Rafiq alijishika kifua. Shamsia alimgeukia mama yake na kuona uso wake wote ukicheka na kulia kwa pamoja.

Bi Taqwa alielekeza uso kwenye kompyuta, mbele ya watu wote, bila haya yoyote.

"Nimeshakisogeza, Maalim," akasema. "Juzi tu. Lakini nimekisogeza."